Maji ya Kona ya Pili

Mtu yule nilimshuku tangu siku ya kwanza, na kilichonifanya nimshuku ni shati. Alikuja kwenye mashindano yetu na shati jeupe, limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono imesimama. Mtu mwenye akili zake haji kwetu na shati jeupe. Pikipiki zetu hazina breki. Zinatoka nne kwa pamoja, zinazunguka mara nne, zote zikikata kushoto, na kila zikiingia kona zinarusha udongo mpaka kwenye viti vya watu. Wazoefu huja na makoti waliyokwisha kuyakatia tamaa. Anayepigwa tope la uso huchekwa na kushangiliwa, naye husimama akapunga mkono. Huyu alikwenda kukaa kona ya pili, pale ukuta wa ghala la jirani unapoishia, ngazi ya juu kabisa, nyuma ya nguzo, asifikiwe hata na punje moja. Hakupiga makofi. Aliandika.

"Yule nani?" nilimuuliza wifi.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ndiye katibu wa ligi. Alikuwa anapanga karatasi za matokeo.

"Nani?"

"Yule pale. Shati Jeupe."

"Mtazamaji tu, wifi. Kaingia mlangoni kama wenzake."

Hakugeuka hata kuangalia. Sasa nawaulizeni, mtu akiulizwa habari za mtu, akajibu bila kugeuza shingo, si kwamba alishajua yuko pale? Machale yakanicheza. Nikarudi kwenye trekta langu.

Niwaeleze nilichokuwa nakiogopa, msije mkaniona nina gubu. Ligi yetu ina klabu nne. Zamani kila klabu ilikuwa na uwanja wake. Wa kwanza siku hizi ni maegesho ya malori, wa pili wamejenga maghala, wa tatu umeota majani na hakuna anayeukumbuka. Umebaki wetu peke yake, na klabu zote nne zinakimbilia hapo. Ukifungwa huu, hakuna ligi tena. Na kule kote mambo yalianza vilevile: alikuja mtu asiyejulikana, akakaa pembeni, akaandika.

Mimi ndiye mtengeneza njia. Udongo unaokwanguliwa, unaosawazishwa, unaomwagiwa maji, vyote vinapita mikononi mwangu, miaka kumi na tisa sasa. Kabla ya mbio ya kwanza nasimama katikati ya uwanja nainua reki juu. Wapanda pikipiki wakiiona reki hawaulizi neno, wanawasha. Pikipiki isiyo na breki unaipanda kwa kumwamini aliyetengeneza njia, basi. Kwa heshima ile, nilikuwa tayari kugombana na mtu yeyote.

Jumanne iliyofuata nilifika asubuhi kukwangua, nikamkuta. Yuko kona ya pili, anapima kwa nyayo, kisigino kwa kidole, kisigino kwa kidole, kutoka ukingo wa ndani mpaka kwenye ukuta wa ghala la jirani. Akafika ukutani, akaugonga kwa kifundo cha kidole kama mtu anayebisha hodi. Kisha akachuchumaa, akachota udongo, akaunusa, akautia kwenye mfuko mdogo na kuufunga fundo.

"Unatafuta nini hapa?" nikamfokea.

Akasimama, akajipangusa mikono kwa adabu. "Napita tu, mama."

"Unapita na udongo wangu?"

"Kidogo tu, mama," akasema, akaenda zake. Hakukimbia, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mwizi wa kawaida angekimbia.

Nikaenda moja kwa moja dukani kwa wifi. Ana duka la kuchapa na kutoa nakala, mashine mbili na feni inayopiga kelele. Nilipoingia alikuwa anasoma karatasi, na aliponiona akaigeuza kifudifudi juu ya meza, akaiwekea kikombe.

"Karibu, wifi. Vipi, mbona unahema?"

"Yule mtu wako kaja kupima uwanja."

"Mtu wangu?" akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha mdomoni tu. "Mimi nina mtu gani?"

Nikaangalia kile kikombe, naye akaona ninachokiangalia. Akakishika kwa mkono, akawa anaongea habari za mvua.

Basi nikaanza kuunganisha mambo. Wifi hapendi pikipiki, na hilo si siri. Bintiye, ambaye wote tunamwita Wembe kwa jinsi anavyokata kona, ndiye anayeongoza ligi mwaka huu, na aliyemkalisha kwenye pikipiki mara ya kwanza ni mimi, shangazi yake, bila kumwambia mtu. Wifi alininunia miezi minne. Mpaka leo hajawahi kumtazama mwanawe akikimbia. Siku za mashindano hukaa kwenye chumba cha katibu na mgongo kwa dirisha, anasikiliza. Akisikia injini nne zimeingia kona, hutega sikio zitoke nne. Zikitoka, anaendelea kuandika.

Mama wa namna hiyo, nikajiambia, angefurahi uwanja ukifungwa. Hahitaji kugombana na mtoto wala kumkataza. Anamleta mtu na shati lake, uwanja unauzwa kimyakimya, mtoto anakosa pa kupandia, na lawama zinakwenda kwa wenye nchi. Kadiri nilivyolifikiria ndivyo lilivyokaa sawasawa. Nikawa simsalimii tena kwa furaha. Naye, nikaona, akawa ananikwepa.

Jumamosi ya mashindano Shati Jeupe akaja tena. Shati lilelile, au pacha wake. Safari hii alishuka ngazi mbili, akakaa mbele ya nguzo, karibu zaidi na njia, daftari kwenye goti. Mbio tatu zikapita. Mimi nikiwa kwenye trekta nilimwona wifi akitoka chumbani kwake, akampelekea chupa ya maji, wakanong'onezana, akarudi haraka akiangalia chini.

Damu ikanichemka. Nasema kweli, wakati ule sikufikiria ligi, wala uwanja, wala mtu yeyote. Nilifikiria lile shati.

Kona ya pili iko kwenye kivuli cha ukuta wa ghala. Jua haliipati mpaka alasiri, kwa hiyo udongo wake unakauka pole pole, na maji yake ni nusu ya maji ya kona nyingine. Hilo halijaandikwa popote. Nalijua mimi, kwa mkono wangu wa kushoto unaoshika koki ya boza la maji ninalolikokota kwa trekta. Nikifika pale, koki inarudi nusu. Baada ya mbio ya tatu nilipita kumwagilia kama kawaida, na nilipofika kona ya pili sikuirudisha. Niliifungua yote. Nikapita pole pole, nikamwangalia usoni, nikajisemea: leo utakwenda nyumbani ukiwa rangi ya udongo wetu.

Mbio ya nne ikatoka. Wa kwanza kuingia kona alikuwa kijana wa klabu ya ng'ambo, akazungusha gurudumu la nyuma, na tope likanyanyuka kama lililokuwa linanisubiri. Likamfika Shati Jeupe kifuani, kwenye miwani, kwenye daftari. Watu wakalipuka kwa kicheko. Mimi nilicheka mpaka nikashika usukani nisidondoke.

Nikiwa nacheka hivyo, Wembe akaingia upande wa ndani. Gurudumu lake likakosa cha kushika. Pikipiki ikalala, ikamtupa, ikazunguka peke yake mpaka ile kamba inayofungwa mkononi mwa mpandaji ilipochomoka ikazima injini. Yeye akateleza mpaka kwenye maboya ya hewa yaliyopangwa ukutani. Mlango wa chumba cha katibu ukafunguka kabla hata watu hawajaacha kucheka. Wifi alikuwa amesikia injini tatu.

Wembe alikuwa mzima. Kifundo cha mkono kilitenguka, mbavu zilichubuka, basi. Lakini watu hawapendi jambo lipite hivihivi, na pale pale maneno yakaanza. Wembe haanguki, wakasema. Hapa kuna mkono wa mtu. Mmoja akasema alimwona yule mgeni akisimama ghafla, huenda alirusha kitu. Mwingine akasema hata yeye alimwona. Wakanigeukia mimi, mtengeneza njia, wakaniuliza ninaonaje.

"Mimi nilishasema kuhusu yule mtu," nikajibu.

Sikusema uongo hata neno moja. Nimejitetea kwa hilo siku nyingi, na halijanisaidia.

Wiki ile nilikwenda kumwona Wembe nyumbani. Alikuwa kitandani, mkono umefungwa bandeji, anaangalia dari.

"Shangazi, nimeacha," akaniambia.

"Umeacha nini?"

"Pikipiki. Mkono wangu uliogopa. Nilivyoingia kona niliusikia ukilegea. Ukishaogopa mara moja basi, haifai tena. Ningemgonga mtu."

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, mita moja kutoka kwake. Neno lilikuwa mdomoni. Nikasema, "Pumzika kwanza, usiamue ukiwa na maumivu." Nikiwa njiani kurudi nikaanza kujiuliza kama kweli huenda mkono wake ulilegea. Ilipofika jioni nilikuwa nimekaribia kuamini.

Wiki mbili baadaye wifi akaitisha mkutano wa klabu zote. Tunakutania kwenye kontena kuukuu kando ya uwanja, benchi sita na ubao. Nilipoingia, Shati Jeupe alikuwa amekaa mbele, karibu na katibu. Watu wakaanza kunguruma. Mmoja akasimama akitaka atolewe nje.

"Kaeni," wifi akasema. "Huyu bwana nimemleta mimi."

Nilitaka kusema mnaona, mnaona nilivyowaambia. Lakini wifi aliendelea. Kampuni iliyokuwa inaikatia ligi bima ilikuwa imejitoa, barua ilifika tangu mwanzo wa msimu. Bila bima hatupati kibali cha kukimbia msimu ujao. Alihangaika peke yake akapata kampuni nyingine, nayo ikatoa sharti moja: mkaguzi wao auone uwanja ulivyo siku za kawaida, bila mtu kuambiwa, hasa mtengeneza njia, ili usipambwe kwa ajili yake. Ile karatasi chini ya kikombe ilikuwa barua ya sharti hilo. Wifi akaniangalia mimi aliposema, "Nisameheni kwa kuficha. Sikuwa na njia nyingine."

Mkaguzi akasimama, akafungua daftari. Kurasa zilikuwa bado na madoa ya tope. Akasoma kwa sauti ya mtu asiye na haraka. Uzio, unafaa. Maboya, yanafaa. Udongo, mzuri kuliko alivyotarajia. Wahudumu, hodari. Kisha akafika kona ya pili.

"Kona hii haina mshiko," akasoma. "Mpanda pikipiki mwenye uzoefu mkubwa ameanguka bila kuguswa na bila kosa lolote nililoliona. Naona mwinamo wake ni mbaya. Inatakiwa ipanuliwe mita nne."

Wote tunajua kilichopo baada ya mita moja: ukuta wa ghala la jirani.

"Kwa hiyo?" mtu akauliza.

"Kwa hiyo siwezi kuupitisha," akasema, na kweli alionekana ana huzuni.

Wazee wawili wakaanza kuulizana mpanda pikipiki atauza wapi mashine isiyo na breki. Wembe alikuwa amekaa karibu na mlango, mkono kwenye kitambaa, hana habari na mtu. Nikasikia mtu anasema, "Si kona. Ni mimi." Nikadhani ni yeye. Ilikuwa sauti yangu.

Nikawaambia yote. Koki, kivuli, nusu, shati. Nilipofika kwenye shati mmoja alicheka, akanyamaza mwenyewe. Sikumwangalia Wembe. Nilimwangalia mkaguzi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa rahisi kumwangalia.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga daftari.

"Mama," akasema, "kazi hii nimeifanya muda mrefu. Kila uwanja ninaoukataa, hutokea mtu akasimama akasema kosa ni lake, si la uwanja. Mara fundi, mara dereva, mara mlinzi. Nitajuaje kama wewe si mmoja wao?"

Yaani mimi. Mimi niliyemshuku yeye kwa kunusa udongo, sasa nasimama mbele za watu nasema ukweli mtupu na ananitazama jinsi nilivyomtazama yeye. Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia.

"Nitakuonyesha," nikamwambia. "Jumamosi nitaimwagia kona inavyotakiwa, mtu apite kwa kasi ya mashindano, uone mwenyewe."

"Sawa. Nani atapita?"

Nikageuka kuwaangalia. Kulikuwa na wapanda pikipiki tisa mle ndani. Nimewatengenezea njia tangu wengine hawajaota ndevu. Mmoja akajikuna shingo. Mmoja akaangalia viatu vyake. Hakuna aliyeinua mkono. Niliwasubiri muda mrefu zaidi ya inavyofaa, mpaka wifi akakohoa.

"Mimi nitapita," Wembe akasema kutoka mlangoni.

"Hupiti," mama yake akasema.

"Nitapita. Lakini maji hamwagi yeye." Hakunitaja jina wala ushangazi. "Utamwaga wewe, mama."

"Mimi? Mimi hata trekta sijui linawashwaje!"

"Utafundishwa. Una siku nne."

Nilimfundisha wifi siku nne. Alikuwa mwanafunzi mgumu, anashika usukani kama anamkaba mtu, na hatukuongea lolote lisilohusu trekta. Siku ya tatu tu, tukiwa tumesimama kona ya pili, ndipo aliponigeukia.

"Kweli ulidhani nauza uwanja?"

"Nilidhani unataka mtoto aache."

"Nataka aache. Nataka kila siku." Akafuta jasho kwa kiganja kilichojaa grisi, akabaki na alama kwenye paji la uso. "Lakini alishachagua. Ulitaka nimfungie uwanja ili aje anichukie? Ungekuja tu kuniuliza, wifi. Ningeshindwa kukuficha, unanijua."

Ni kweli ningeweza kuuliza. Nikamwonyesha tena pa kurudisha koki.

Jumamosi, saa nne ya asubuhi, hapakuwa na watazamaji. Mkaguzi alikaa mahali pake, na shati jeupe. Mimi niliambiwa nikae nje ya uzio. Wifi akapita na boza, akafika kona ya pili, akairudisha koki, nami moyoni nikaona ameirudisha kidogo mno, kisha nikaona amezidisha, kisha nikajua kwamba sioni chochote, ni hofu tu. Akashuka. Akachukua reki, akasimama katikati ya uwanja, akaiinua. Na safari hii hakuwa na chumba cha kujificha wala ukuta wa kuupa uso.

Wembe akawasha. Mzunguko wa kwanza aliingia kona kwa woga, niliusikia kwenye injini. Wa pili akaongeza. Wa tatu akaitupa pikipiki ubavuni jinsi ninavyomjua, kiatu cha chuma kinachora udongo, gurudumu limeshika, akatoka upande wa pili amenyooka. Wa nne vilevile. Alipozima, mama yake alikuwa amekaa chini, pale pale katikati ya uwanja, reki kwenye mapaja, analia kwa sauti bila aibu.

Mkaguzi akashuka mpaka kwenye kona, akachota udongo, akaubonyeza kiganjani. Akaandika muda mrefu. Kisha akampa wifi karatasi, akampa mkono. Alipopita karibu na uzio akaniambia kwa heshima, "Kwaheri mama." Ligi ikawa imepona, na mimi nikapumua kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Wembe akaja kwenye uzio, helmeti chini ya kwapa, uso umejaa madoa ya udongo isipokuwa macho.

"Shangazi, nikuulize kitu. Usinizungushe."

"Uliza."

"Siku ile ya mkutano. Kama angesema uwanja umepita, ungesema habari ya maji?"

Jibu alilolitaka lilikuwa rahisi, na lilikuwa zuri, na mtu yeyote angelitoa. Nikamwangalia, nikazikumbuka wiki tatu alizokaa akiangalia dari akijiambia mkono wake ni mwoga, nami nikimletea matunda.

"Nisingesema," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Hakukasirika, na ningeona heri angekasirika. "Haya," akasema.

Akavaa helmeti. Mama yake alikuwa ameshapanda trekta kwa ajili ya mzunguko mwingine wa maji, akaliwasha kwa mashaka, kisha kwa mazoea akageuka kuniangalia mimi, kuuliza kama aanze. Mkono wangu ulikuwa umeshanyanyuka. Nikaushusha.

"Anza, mama," Wembe akamwambia.